Saa za Ndege, Siku za Safari: Nyangwe Iko Mbali Kiasi Gani?

Kutoka kiwanja cha ndege cha Kindu, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, hadi kile cha Goma ni kilomita 395. Kuipata tarakimu hiyo hakuhitaji satelaiti. Mwanafunzi wa sekondari pale Kasongo anaweza kuifikia kwa penseli na karatasi. Kiwanja cha Kindu kiko digrii 2.92 kusini mwa ikweta na 25.92 mashariki. Cha Goma kiko digrii 1.67 kusini na 29.24 mashariki. Tofauti ya kwenda kaskazini ni digrii 1.25, ya kwenda mashariki ni 3.32. Karibu na ikweta, digrii moja ya upande wowote ni takriban kilomita 111, kwa hiyo pande hizo mbili ni kilomita 139 na 369. Kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: 394 na ushei.

Hesabu hiyo ingepotosha kwa safari ya Nairobi hadi London, kwa kuwa dunia ni mviringo na njia fupi kati ya miji iliyo mbali ni tao, si mstari wa ramani. Katika Maniema kosa lake ni dogo mno kumsumbua yeyote. Majedwali ya umbali nayo hupishana kwa kilomita chache: mengine hupima kutoka katikati ya mji na mengine kutoka kiwanjani, mengine huichukulia dunia kuwa mpira kamili ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha. Rubani atasema maili 213 za baharini, ambapo kila maili ni kilomita 1.852. Vipimo ni tofauti, umbali ni uleule.

Umbali huo haujabadilika tangu mto Lualaba uanze kutiririka. Kilichobadilika, na kinachoendelea kubadilika, mara nyingine kwa usiku mmoja, ni muda. Mtu wa Nyangwe, mji ulio kando ya mto huo, analijua jambo hilo kuliko jedwali lolote la safari za ndege.

Tuanze na angani. Umbali ukishajulikana, wengi hukimbilia kuugawa kwa mwendo. Let L-410, ndege ya rafadha mbili iliyoundwa Uchekoslovakia na ambayo imezoeleka sana mashariki mwa Kongo, huenda karibu kilomita 350 kwa saa. Kwa mwendo huo Kindu–Goma ni dakika 68. Boeing 737 huenda kama kilomita 830 kwa saa, na hesabu inatoa dakika 29. Jibu la pili halimfai abiria kwa lolote. Ndege hutambaa hadi mwisho wa njia yake ya kurukia, hugeuka, huruka ikielekea upepo unakotoka, ndipo ishike mwelekeo wa safari. Kisha hupanda, na huko mbele itapunguza mwendo muda mrefu kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Katika safari fupi hivi jeti huanza kushuka karibu mara tu inapomaliza kupanda. Wapangaji wa safari za jeti huongeza takriban nusu saa juu ya hesabu tupu, na hapo dakika 29 zinakuwa saa nzima. Faida ya injini kubwa imeliwa na kupanda na kushuka.

Safari ndefu huonyesha jeti inachoweza. Kindu hadi N'djili, Kinshasa, ni kilomita 1,170 hivi: dakika 85 za mwendo kamili, na ukiongeza nusu saa unakaribia saa mbili. Lakini saa ya ukutani itasema vingine. Maniema, sawa na mashariki yote ya nchi, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Anayeondoka Kinshasa saa mbili asubuhi na kukaa angani saa mbili hutua Kindu saa tano kwa saa za huko; anayerudi saa sita mchana hushuka Kinshasa saa saba, akadhani amesafiri kwa saa moja tu. Jua haliongopewi. Katika latitudo hii giza huingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na kiwanja kisicho na taa hakipokei ndege usiku. Ndege ikichelewa mchana Kinshasa, saa ile moja ya tofauti humaliza mwanga uliobaki upande wa mashariki, na safari ya saa mbili hugeuka kuwa ya kesho.

Kuna pia radi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani, wakitumia takwimu za miaka 16 za satelaiti. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza, Kabare ya Kivu Kusini ya pili, na ya tatu ni Kampene, katika eneo la Pangi, hapohapo Maniema: zaidi ya miale 170 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kampene iko kilomita 90 na kidogo kaskazini mwa Kasongo, pembeni tu ya mstari unaounganisha Kasongo na Kindu. Mawingu ya mvua huko hukua mchana, joto linapopanda, na mengine hupanda hadi kimo ambacho ndege ndogo haiwezi kukipita. Rubani mwenye busara huyazunguka, au huondoka alfajiri, au hukaa chini. Ndiyo maana abiria wa ndege ndogo huambiwa wafike kiwanjani mapema asubuhi, na ndiyo maana wingu likishasimama upande wa kaskazini mnamo saa nane za mchana, hakuna wa kumlaumu rubani kwa kukataa kuondoka.

Hayo yote yanahusu safari ya kiwanja hadi kiwanja. Nyangwe hakuna ndege ya abiria. Mji ule wa ukingo wa kulia wa Lualaba uko karibu kilomita 60 kutoka Kasongo kwa mstari ulionyooka, na kama 145 kutoka Kindu. Kasongo ina kiwanja kinachopokea ndege ndogo, za huduma za kibinadamu na za kukodi; anayetaka ndege kubwa ya Kinshasa huifuata Kindu, makao makuu ya jimbo.

Mchukue mama mfanyabiashara wa Nyangwe anayetaka kufika Kinshasa. Kwanza apate pikipiki hadi Kasongo. Kutoka Kasongo hadi Kindu kwa ndege ni kilomita 190 hivi, zaidi kidogo ya nusu saa kwa Cessna Caravan. Kwa barabara ni karibu kilomita 240, na hapo dakika hazina kazi: kiangazi, kati ya Juni na Agosti, pikipiki nzuri huweza kumaliza kwa siku moja; masika yakikolea, siku mbili au tatu si ajabu, kwa tope na madaraja ya magogo. Bado kuna mto. Kasongo iko upande wa kulia wa Lualaba. Kiwanja cha ndege cha Kindu na katikati ya mji viko ukingo wa kushoto. Anayefika upande wa Alunguli hushusha mizigo, hungoja kivuko au hupatana na mwenye mtumbwi, huvuka, kisha hupandisha tena mizigo ileile juu ya pikipiki nyingine. Kutoka Alunguli mtu huuona mji wa Kindu kwa macho, lakini bila chombo cha kuvukia ni kama hajafika.

Hata aliyepata nafasi ya ndege ndogo Kasongo hajamaliza. Caravan haitakiwi kuzidi takriban tani nne wakati wa kuruka, ikiwa pamoja na mafuta, rubani, abiria na mizigo. Kwa hiyo kila kitu hupimwa. Abiria hupanda kwenye mizani akiwa na mkoba wake, kilo zake huandikwa kwenye orodha, gunia la mchele huwekwa kando, halafu hesabu hupigwa mbele ya wote. Uzito ukizidi, kitu lazima kibaki: gunia, au mtu. Abiria huwasikia wapimaji wakitaja namba moja moja, na wa mwisho kwenye orodha hatulii mpaka mlango ufungwe. Kubaki huko hakumpunguzii mtu kilomita hata moja. Kunamwongezea wiki, mpaka ndege nyingine ije.

Wageni waliofika Nyangwe katika karne ya 19 waliandika mengi kuhusu umbali, lakini ukiyafuata maandishi yao kwa makini unaona kwamba kilichowapotezea wakati ni kitu kingine. David Livingstone aliondoka Kabambare katikati ya Februari 1871 na kufika Nyangwe mwishoni mwa Machi: wiki sita kwa mahali palipotengana kwa kilomita 175 hivi za angani. Alipofika alitaka mitumbwi ya kuvukia Lualaba. Hakuipata. Alikaa zaidi ya miezi mitatu akingoja, mpaka tarehe 15 Julai wafuasi wa wafanyabiashara kutoka pwani walipoufyatulia risasi umati wa sokoni. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, na wengi walizama mtoni wakijaribu kutoroka. Tarehe 20 Julai Livingstone aligeuka kurudi mashariki, mgonjwa, akipita katika nchi iliyojaa hasira na hofu, na kufika Ujiji tarehe 23 Oktoba. Ukipima kutoka Nyangwe hadi Ujiji kwa mstari wa ndege unapata kilomita 394. Ni sawasawa na Kindu hadi Goma, ila kwa jambo moja: hii ilichukua miezi mitatu.

Verney Lovett Cameron alitoka Bagamoyo Machi 1873 na kufika Nyangwe Agosti 1874. Naye aliomba mitumbwi ya kuteremkia mto, naye alinyimwa. Akafuatana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, kuelekea kusini, na mwishowe alitokea pwani ya Atlantiki Novemba 1875. Henry Morton Stanley alifika Oktoba 1876 akiwa na mashua yake mwenyewe iliyobebwa vipandevipande, na akafanikiwa kumshawishi Tippu Tip amsindikize mwanzo wa njia. Aliondoka mapema Novemba na tarehe 9 Agosti 1877 alikuwa Boma, karibu na mdomo wa mto. Nyangwe ilikuwa mahali palepale kwa wote watatu. Walitofautiana kwa chombo, kwa ruhusa na kwa wa kufuatana naye.

Misafara ya pwani ililijua hili kabla yao. Unguja hadi Nyangwe ni kilomita 1,455 hivi kwa mstari ulionyooka, umbali ambao jeti ingeukata kwa zaidi kidogo ya saa mbili. Wapagazi waliubeba kwa miezi mingi, nao walihesabu safari kwa siku na makambi. Ilikuwa hesabu ya kweli kuliko yetu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mvua, njaa, hongo ya njiani na ugonjwa. Ilificha jambo moja tu: gharama iliyolipwa na waliokamatwa na kuburutwa kwenye njia hiyo wakiwa watumwa. Sifa ya ukubwa wa Nyangwe na Kasongo ya wakati ule haiwezi kutajwa bila wao.

Vita vya 1893 vilivunja mtandao huo wa misafara. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliingia Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili. Kisha ukaja uamuzi ambao hadi leo unapanga safari za Maniema ya kusini: reli. Maporomoko na miamba kati ya Kindu na Kongolo huzuia meli, kwa hiyo kampuni ya CFL ilijenga kilomita 355 za reli kuyakwepa, zikafunguliwa mwaka 1911. Reli ilipita magharibi mwa Lualaba. Kindu, iliyokuwa ndogo, ikawa mahali pa kubadilishia meli na treni. Nyangwe na Kasongo, zilizokuwa kitovu cha biashara, zikabaki ng'ambo. Jimbo la Maniema lilipoundwa mwaka 1988 makao makuu yalikuwa Kindu, na kiwanja kikubwa kiko hukohuko. Kilomita 145 kati ya Nyangwe na Kindu zilianza kuwa ndefu tangu siku hiyo ya reli.

Usafiri wa anga wenyewe ulianza Kongo kwa somo hilihili. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels tarehe 12 Februari na kutua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Saa alizokuwa angani kwa hakika zilikuwa 75 na dakika 25, yaani siku tatu na kidogo. Siku nyingine zote alikuwa chini, kwa matengenezo na kwa hali ya hewa. Magazeti ya Ubelgiji yangeweza kuandika takwimu yoyote kati ya hizo mbili na zote zingekuwa kweli.

Miaka mia moja baadaye, tofauti kati ya saa za angani na siku za safari imerudi mashariki mwa Kongo kwa nguvu. Mwishoni mwa Januari 1925 Thieffry alikuwa akijiandaa kuondoka; mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma na kiwanja chake kikafungwa kwa ndege za abiria. Katikati ya Februari kiwanja cha Kavumu, kinachohudumia Bukavu, nacho kikaangukia mikononi mwao. Kwa mtu wa Kasongo au Kabambare, Bukavu na Goma si miji ya mbali: Kavumu iko kilomita 340 hivi kutoka Kasongo, Goma kilomita 420. Kulikuwa na masoko huko, hospitali, vyuo, na ndugu.

Piga hesabu ya njia iliyobaki kwa anayetaka kwenda kwa ndege kutoka Kindu hadi Goma. Kindu hadi Kinshasa, kilomita 1,170. Kinshasa hadi Nairobi, 2,410. Nairobi hadi Kigali, 760. Kisha barabara ya Kigali hadi mpaka wa Goma, kama kilomita 155. Jumla ni karibu 4,500, mara 11 na zaidi ya zile 395 za mwanzo. Msafiri anavuka nchi yake yote kwenda magharibi, anairuka tena kurudi mashariki, anapitia nchi mbili za kigeni, anabeba pasipoti, chanjo na pesa za kigeni, ili afike mji ambao L-410 ilikuwa ikiufikia kwa saa moja na robo. Wenye uwezo huo ni wachache sana. Wengine wote wamebaki, au wamechukua barabara yenye vizuizi.

Vita hurefusha njia hata kwa ndege zisizotua hapo. Mwezi huohuo wa Februari serikali ya Kinshasa ilizifungia anga ndege zilizosajiliwa Rwanda, na RwandAir ikalazimika kuzungusha safari zake za kwenda magharibi na Ulaya. Kigali na London zilikuwa palepale kwenye ramani, ila saa ziliongezeka.

Kwa sababu hizo, swali la umbali kati ya viwanja viwili linastahili kuulizwa kwa namna nyingine pale ambapo wengi hawaishi karibu na kiwanja chochote. Jibu la haki lingeanzia mlangoni kwa msafiri: siku za kufika kiwanjani, siku za kungoja ndege, saa za angani, na siku za kutoka kiwanja cha pili. Kwa Nyangwe, saa za angani ndizo sehemu ndogo kuliko zote, ingawa ndizo pekee zinazochapishwa. Kutochapishwa kwa zile nyingine kuna madhara. Mpango wa afya ukiandika kwamba Kasongo iko nusu saa kutoka Kindu, mtu aliye ofisini Kinshasa ataamini kwamba chanjo iliyowekwa kwenye barafu itafika, na kwamba mama mwenye uzazi mgumu atahamishwa kwa wakati. Nusu saa hiyo ipo siku ndege ipo, ikiwa na nafasi, na radi za Kampene zimetulia.

Tarakimu zinaonyesha pia pa kuanzia. Kubadilisha L-410 kwa jeti kati ya Kindu na Goma, hata viwanja vikifunguliwa kesho, kungeokoa dakika 40 kwenye karatasi na chini ya hapo katika safari halisi. Kilomita 240 za Kasongo–Kindu zikipitika mwaka mzima zingeokoa siku moja au mbili kila safari ya masika, kwa wanaopanda ndege na kwa maelfu wasioipanda kamwe. Kivuko cha uhakika Alunguli kingeokoa nusu siku nyingine. Taa za kiwanjani, pale zisipokuwepo, zingeiokoa ndege ya Kinshasa iliyochelewa isihesabike ya kesho. Barabara ya taifa namba 2, inayotoka Mbuji-Mayi ikapitia Kasongo hadi Bukavu, ingeupa mji huo mlango wa pili upande wa mashariki, usiotegemea Kindu wala mvuko wa Lualaba, mara usalama utakaporudi. Viwanja viko chini ya mamlaka ya anga, RVA. Barabara za taifa ziko chini ya Office des Routes.  Bajeti zao hupangwa kila mamlaka kivyake, ilhali mama wa Nyangwe huzipitia zote mbili katika safari moja.